Mjomba Gramu na Swali la Jumatatu

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, fundi wetu mkuu wa injini anastaafu baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na moja. Jina lake la kwenye karatasi za mshahara wanalijua watu wa ofisini tu. Sisi wengine tunamwita Mjomba Gramu, kwa sababu hupima pistoni kwa mizani ya jikoni. Mizani hiyo ni ya mkewe, ambaye ameidai mpaka akachoka.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi mwanafunzi wa mafunzo, mdogo kuliko wote hapa. Msimamizi wetu alisema mtu asiyesema sana lazima amesikia mengi. Nimesikia, kweli. Nisichoweza ni kusimama mbele ya watu, kwa hiyo nashukuru kwamba haya yatasomwa kwenye jarida, na siku ya sherehe nitajificha nyuma ya keki.

Mjomba alianza kwa kuosha vipuri. Alikaa mwaka mzima na ndoo ya dizeli kabla ya kuruhusiwa kushika spana, naye husema ndipo alipoijua injini, maana kitu unachokiosha kila siku hakina siri nawe. Baadaye akakabidhiwa chumba cha injini, kile chenye mlango wa kijani, na ufunguo wake akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Ametengeneza malori, pampu za maji, na gari la maharusi lililogoma mbele ya lango letu huku bibi harusi akisubiri kwenye chumba chetu cha mapokezi na kula karanga za mlinzi. Ndoa ile sasa ina watoto watatu, na Mjomba huwahesabu miongoni mwa kazi zake zilizofanikiwa.

Kila mteja, Mjomba humuuliza swali lilelile kabla ya kufungua boneti: Jumatatu unakwenda nalo wapi gari hili? Watu huja na ndoto za Jumapili. Yeye huwarudisha taratibu kwenye foleni, kwenye mashimo na kwenye lango la shule ya watoto.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa gari la daktari wa meno, dada mmoja mcheshi. Ni gari dogo la viti viwili, halina paa, jepesi hata mafundi wanne huliinua nyuma na kulisogeza kama meza. Injini yake ilikuwa imechoka. Daktari alitaka nyingine itakayompeleka kliniki siku za kazi na kumkimbiza kwenye uwanja wa mbio mwisho wa wiki. Kuchagua injini ya namna hiyo ni sawa na kumchagulia mtu viatu vya kuchezea mpira na kuendea ofisini.

Msimamizi alimwachia uchaguzi Tabo, fundi kijana aliyefanya kazi chini ya Mjomba tangu amalize chuo. Jina hilo alilipata kwa kuipenda mno tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa ili ipate nguvu zaidi. Msimamizi hakuficha kitu. Gari hili likitoka vizuri, chumba cha injini kitakuwa cha Tabo. Likiharibika, ataajiriwa fundi kutoka nje. Tangu siku hiyo Tabo alipunguza mizaha, na chai yake ikawa inapoa mezani.

Akachagua injini kubwa ya silinda sita, na tabo juu yake. Mjomba hakubisha. Alifanya desturi yake ya siku zote: akapima uzito wa injini kubwa na ndogo, tofauti yake akaijaza mchanga kwenye magunia, akayafunga mbele ya gari kana kwamba injini kubwa imo tayari, kisha akamwambia Tabo aende akazunguke matairi tuliyopanga uani. Kona ya kwanza gari lilikata shingo upande. Ya pili, Tabo alizungusha usukani wote, gari likaendelea na safari zake mpaka kwenye maua ya msimamizi. Wiki nzima mafundi walimwita mtunza bustani. Yeye alishuka, akafungua magunia kwa mikono yake, akachagua injini ndogo ya silinda nne, bila tabo.

Hadithi ingeishia hapo kama Mjomba naye asingekuwa binadamu. Ameniruhusu kuandika haya, na alipoyasoma alicheka.

Vitabu vya injini vimeandikwa kwa ile lugha ya pili ya shuleni kwetu, kwa hiyo mimi nilikuwa mkalimani wake. Mimi hunong'ona, na yeye kwa heshima hunijibu kwa kunong'ona, mpaka wenzetu wakadhani tunapanga njama. Kwa injini ile ndogo Mjomba alikuwa amechagua kemshafti kali, ule mhimili unaofungua na kufunga valvu. Nilimsomea kwamba hiyo ni ya uwanja wa mbio tu. Alitikisa kichwa kwa upole, lakini siku hiyo masikio yalikuwa likizo. Ilikuwa injini yake ya mwisho, na alitaka iimbe.

Iliimba kweli. Tulipoiwasha kwenye stendi ya kujaribia injini, watu waliacha chai na kutoa simu kurekodi. Mjomba alijifuta macho akasingizia petroli. Kisha alipopunguza mafuta, injini ikatetemeka, ikakohoa, ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika tena. Akasema daktari atazoea kukanyaga mafuta kidogo akiwa kwenye taa za barabarani. Nani amwambie mzee wa watu kwamba wimbo wake wa kuagia una kasoro? Tabo hasa, ambaye ufunguo wake ulitegemea neno la mzee huyo?

Lakini ni yeye aliyeisogelea ile stendi, akakunja mikono nyuma.

“Mjomba, samahani. Jumatatu daktari anakwenda nalo wapi?”

Mjomba akaanza kucheka, kwanza mabega, kisha tumbo zima, akampa spana.

“Fungua, mwanangu.”

Wakaweka kemshafti ya upole zaidi. Jumapili, kwenye uwanja wa mbio, daktari aliachwa na magari makubwa penye njia iliyonyooka, akayapita kwenye kona. Jumatatu akapita taa zote za mjini bila kuzimikiwa, akapiga simu mapokezi kwetu kusema amefika kazini mapema na hana mgonjwa wa kumng'oa jino. Siku hiyohiyo Mjomba alivua kamba ya kiatu mbele yetu sote na kumvisha Tabo. Msimamizi alipiga makofi, ingawa maua bado hayajaota.

Juzi nami nilijikaza, nikamuuliza Mjomba kwa sauti, bila kunong'ona, Jumatatu ijayo yeye anakwenda wapi. Mkono wake ulienda kifuani kutafuta ufunguo, ukakuta kifungo cha shati. Akasema anakwenda jikoni, kumrudishia mama wa watu mizani yake.

Mjomba Gramu, asante kwa kila ulichokiosha, ulichokipima na ulichokubali kukifungua upya. Tunakutakia Jumatatu nyingi njema.