Usingizi wa Robo

Kijiwe chetu ni benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja, limeegemea ukuta wa duka la dawa. Kushoto ni meza yangu ya kahawa, kulia ni sanduku la fundi viatu. Wakaaji wa kudumu tulikuwa wanne. Mimi nachemsha. Profesa alikuwa tarishi kwa miaka thelathini, na kwa kuwa alibeba barua za wakubwa, aliamini amezisoma zote. Bondia ni mchukuzi wa mizigo, mwili jumba, lakini hajawahi kumpiga hata mbu. Wa nne ni huyo fundi viatu. Tulimwita Robo, kwa sababu alilala robo robo.

Hakuanza kwa kupenda. Baba yake alipatwa na kiharusi, upande mmoja ukafa, na muuguzi akamwambia Robo: mgeuze kila baada ya saa tatu, la sivyo mgongo utaoza. Mke alivumilia miezi mitano, akarudi kwao. Dada yupo mbali, kila mwezi anasema anakuja. Basi Robo akapanga chumba karibu na kazi, akamhamishia mzee humo, akaukata usingizi wake kama anavyokata ngozi. Saa mbili usiku hadi saa tano, kipande cha kwanza. Anaamka, anamgeuza mzee, anamnywesha maji, anashona viatu. Saa nane hadi kumi na moja alfajiri, kipande cha pili. Mchana anakaa benchini kwetu, anatega kengele ya simu dakika ishirini, anakoroma. Ikilia, anakimbia kumgeuza mzee, kisha anarudi kwenye sanduku.

Sisi tukapata la kuongea miaka miwili.

— Hii ndiyo asili yenyewe, — Profesa alisema. — Mababu walilala mara mbili. Wanalala, wanaamka, wanaongea na wake zao, wanarudi tena. Huku kunyoosha usiku kucha kumeletwa na balbu.

— Haba na haba hujaza kibaba, — nikadakia.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali, — Robo akajibu, nyuzi ziko mdomoni.

— Usijitie mkosi wewe! — Profesa akaingilia. — Pomboo analala nusu ya ubongo, nusu nyingine inaogelea.

— Pomboo ana baba wa kumgeuza?

Tulicheka. Robo hakucheka, lakini sisi tulicheka kwa niaba yake.

Bondia naye hakutaka kupitwa:

— Mimi naona akizidi kuzoea, atafika dakika mbili kwa siku. Na mtu asiyelala hazeeki. Uzee huingia mtu akiwa amelala. Nani amewahi kumwona mtu akizeeka huku anamtazama?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, — Profesa aliafiki, kama vile methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya vitanda.

Tuliyaona, tusiseme hatukuyaona. Robo alipigilia kisigino cha kushoto kwenye kiatu cha kulia. Alimsalimia mteja mmoja mara tatu, na mara ya tatu akampa pole ya msiba ambao haukuwepo. Siku moja akaweka nyundo chini.

— Jamani, Jumapili moja tu. Mmoja wenu akae na mzee kuanzia asubuhi hadi saa nane. Nilale kama mtu.

— Ukivunja ratiba, mwili unasahau, — Profesa alisema haraka. — Umeshafika katikati ya mto, utarudi nyuma?

Bondia alisema Jumapili ana mzigo. Mimi nikasema nitaona. Nitaona ni neno zuri. Halivunji urafiki, wala halimwinui mtu alipokaa.

Robo akaokota nyundo yake. Hakuomba tena.

Halafu ikaja Alhamisi ile. Alifika benchini mchana, akatega kengele, na kabla hajaegemea ukuta alikuwa ameshaondoka duniani. Kengele ikalia. Hakusikia. Ikalia hadi mwenye duka la dawa akachungulia.

— Mwacheni apumzike, — Profesa alisema. — Naye ni binadamu.

— Kweli kabisa, — Bondia akasema, akamwekea gunia chini ya kichwa.

Simu ilikuwa imelala kwenye paja lake. Niliichukua mimi. Nikaizima kengele mimi, simu nikairudisha pajani.

Mchana ule tuliongea kwa kunong'ona. Wateja wakija, tunawaonyesha kidole mdomoni. Tulijiona watu wema sana. Sikumbuki siku nyingine tuliyopendana hivyo pale kijiweni. Robo aliamka jua limeshashuka kwenye ukuta wa mbele. Akautazama ukuta, akatutazama sisi, akaondoka mbio na ndala moja mguuni.

Asubuhi yake akanipigia kutoka hospitali. Alimkuta mzee ameanguka kati ya kitanda na ukuta, mkono umebanwa chini ya kifua, kikombe cha maji kimemwagika. Alikuwa anapumua bado. Tulikwenda wote watatu, tukasimama kwenye korido tukiwa tumeshika kofia. Daktari alisema kiharusi kimerudia, kingeweza kuja saa yoyote. Maneno hayo tuliyadaka kama watu wanaozama.

Robo alinivuta pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu kama nyanya.

— Kaka, kengele haikulia?

— Haikulia, — nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Akaitazama ile simu yake, akaitia mfukoni.

Mzee alifariki Jumamosi. Alizikwa Jumapili, moja kwa moja kutoka hospitali. Tulibeba jeneza, tukatupa udongo, tukarudi benchini. Jumatatu Robo hakuja. Jumanne hakuja. Sanduku lake likabaki na kufuli, na mjadala ukaendelea bila mwenyewe.

— Simu za siku hizi, — Bondia alianza. — Zikipata joto zinanyamaza.

— Si joto, ni mitambo, — Profesa akasema. — Mawimbi yakigongana, kengele inalia kwenye simu ya mtu mwingine. Huenda ililia kwa mtu mji mwingine kabisa, akaamka bure.

— Hata mzee mwenyewe alikuwa amechoka. Wazee wanachagua siku yao.

— Na wanachagua mwana wao akiwa amelala, asione. Ni heshima hiyo.

— Sikio la kufa halisikii dawa, — nikasema, nikawamiminia kahawa. Hakuna aliyenitazama, nami sikumtazama mtu. Wote tunajua ni mkono wa nani ulioizima kengele, na ni mdomo wa nani ulioutuma.

Jumatano, saa nne asubuhi, alikuja mwanamke mwenye begi la safari, vumbi hadi kwenye nyusi. Alisoma kibao cha duka la dawa, akatuhesabu benchini kwa macho.

— Shikamooni, wakubwa zangu.

— Marahaba.

— Mimi ni mdogo wake fundi viatu. Nimechelewa maziko. — Alilisema bila kujitetea. — Simu yake haipatikani tangu juzi.

— Pole sana, mwanetu, — Profesa alisema, akamsogezea nafasi. — Sisi hapa tumempoteza baba.

— Nawajua. Kila akinipigia alikuwa anawataja. Profesa, Bondia, na kaka wa kahawa. Anasema, dada usiwe na wasiwasi, hapa nina ndugu.

Bondia aliinama kufunga kamba za kiatu kisichokuwa na kamba. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa swali la kengele. Jibu lilikuwa tayari ulimini, nimeshalirudia tangu siku ile ya hospitali. Hakuuliza kengele. Alikataa kahawa, akalibeba begi lake begani.

— Naomba mmoja wenu anipeleke kwake.

Profesa alikohoa. Akanyoosha mkono kuelekea mashine ya kusaga.

— Ni huko... si huko, Bondia?

— Mimi nilidhani ni nyuma ya karakana.

Wakanigeukia. Miaka miwili nimemwona akikimbia, na nilichokijua ni kona anayokata, basi. Baada ya kona kuna vichochoro vinne, na kila kichochoro milango haihesabiki.

Dada akatutazama mmoja mmoja. Nadhani alifikiri hatukumsikia vizuri, maana aliuliza tena, polepole zaidi.

— Nyumba yake ni ipi?