Mwalimu Tabitha na Sauti Zilizoonjwa Kwanza

Mchungaji, wazee wa ukoo, ndugu na majirani, poleni kwa safari na poleni kwa jua. Familia inasoma historia hii bila kuitia chumvi, maana marehemu mwenyewe hakuivumilia chumvi.

Tabitha Sifael Nkya alizaliwa Machame tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa Mzee Sifael na Mama Aikaeli, akasoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia 1987 hadi 1993, kisha sekondari na chuo cha ualimu, na tangu Julai 2001 akafundisha historia mjini Moshi, ambako aliyesinzia darasani kwake hakurudia; shahada ya kwanza aliipata akiwa kazini. Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na Jesse, wakajaliwa watoto wawili, Faraja na Ruth.

Oktoba 2021, akiwa na miaka arobaini na miwili, alirudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili, ya kuhifadhi historia kwa kompyuta pamoja na wananchi wenyewe, wakacheka wa kucheka, "Mama Faraja, unasomea simu?", naye akawajibu kwamba ndiyo, anasomea simu, kwa sababu wajukuu wao wanaishi humo.

Alipita kihamba kwa kihamba, kila shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, akirekodi wazee wakieleza jinsi mifereji ya maji ilivyochimbwa, na hapo, hatufichi, alikosea, kwani kwa haraka aliweka simulizi ya Mzee Ndelilio, mmoja wa wazee hao, kwenye tovuti kabla mwenyewe hajaisikia. Mzee akaja kuikuta sauti yake sokoni, kwenye simu ya muuza ndizi, akawaka: "Hata pombe yetu ya mbege mwenye nyumba huionja kabla ya kumpa mgeni, wewe sauti yangu umeigawa bila kunionjesha?" Wazee wote wakamfungia milango, na bila wazee hakuna shahada.

Tabitha alifuta kila alichokuwa amekiweka, kazi ya mwaka mzima, akachuma jani la isale, ambalo kwetu likiletwa kuomba radhi halikataliwi, akampigia magoti Mzee Ndelilio, naye akalipokea, akasema, "Haya mwanangu, tuanze upya, lakini safari hii nionje kwanza." Tangu hapo kila simulizi ilisikilizwa uani kwa mwenyewe, mbele ya watoto na majirani, wakasahihisha, wakabishana, wakacheka, na vijana wasiojua mfereji wao unaanzia wapi wakaanza kuufuata hadi juu. Alihitimu Novemba 2024, mwaka mmoja nyuma ya wenzake, Mzee Ndelilio akiwa amekaa kiti cha mbele.

Februari 2025 aligundulika kuwa na saratani, akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi, akafariki tarehe 18 Septemba 2025. Akiwa kitandani alidai asomewe historia hii, akaamuru sifa nyingi zifutwe, akakataza kosa lake lisiguswe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na walimu wenzake. Jumamosi ijayo Ruth ataendelea na usikilizaji wa simulizi alioanzisha mama yake, uani kwa Mzee Ndelilio, ambaye amesema msiba si sababu ya kumwaga mbege.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, hii umeionja mwenyewe.