Fundo Mbele ya Geti

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa mtaa wa Huruma, hapa Nairobi. Jina lake Nabalayo. Nabalayo aliuza nguo za watoto, na Nabalayo alichora ramani. Wengi wenu mkishika simu kutafuta kichochoro cha kwenda kwa shangazi, mnafuata mistari ya mkono wake, na hamjui.

Mimi pia nilizika mke. Sauti ikikwaruza, mtanivumilia. Ila hadithi hii ni ya mumewe, Luseno, mpakiaji mizigo katika kiwanda kimoja kule mtaa wa Baba Dogo. Shule Luseno aliionja tu akaiacha. Kompyuta aliiita televisheni ya kuchapia.

Ramani za mtandaoni zilipokuwa bado changa, kijana mmoja aitwaye Mumo, mwenye saiba, kibanda cha kompyuta na intaneti, pale chini ya fleti yao, alimwonyesha Nabalayo jiji lote la Nairobi kwenye skrini. Viwanja vya gofu vya matajiri vilikuwa vimechorwa mpaka mashimo yake. Huruma ilikuwa doa la kijivu.

"Kwani sisi tunaishi wapi?" Nabalayo akauliza.

"Kwa hao wakubwa, Mama Ayuma, hapa hakuna mtu."

"Na kura huja kumwomba nani? Panya?"

Mumo akacheka, akampa kifaa kidogo cha njano, kinachosoma setilaiti. Unakibeba, unatembea, nacho kinadondosha nukta kila baada ya hatua chache. Ukirudi saiba unaziunganisha nukta, unapata mstari. Mstari unakuwa njia, njia inapewa jina. Ndivyo Huruma ilivyotoka kwenye ule ukijivu, kichochoro baada ya kichochoro, kwa miguu ya mama mwenye furushi la fulana kichwani.

Wachoraji wenzake wa nchi za mbali, watu wasiolipwa kama yeye, walianza kumwandikia. "Bwana Nabalayo, kazi nzuri sana." Alicheka mpaka akapiga meza.

"Luseno! Huko Ujerumani mimi ni bwana. Hebu nipikie chai!"

Na Luseno akapika.

Sasa sikilizeni jambo moja kuhusu kifaa hicho. Wewe ukisimama, chenyewe hakisimami. Kinaendelea kudondosha nukta, moja kando ya nyingine, moja juu ya nyingine, mpaka zinasongamana na kuwa fundo, kama uzi uliochezewa na paka. Wachoraji huliita fundo hilo takataka. Hulifuta kwanza, ndipo wachore.

Na jambo la pili. Sheria yao ni kuchora kilichopo ardhini. Nabalayo alipofika zahanati moja ya umma kule chini karibu na mto, jina lake nitaliacha, alikuta bango limepakwa rangi vizuri: Tuko wazi saa ishirini na nne, kila siku. Akaliandika hivyo kwenye ramani. Bango lilikuwepo ardhini. Aliliamini.

Jumapili moja mwaka jana, baada ya ibada, Nabalayo alitoka na kifaa chake kuchora vichochoro vipya kandokando ya mto, pale nyumba zilipobomolewa. Hakurudi. Wapita njia walimkuta ameanguka kando ya barabara, mkono kifuani. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Kwenye matanga alikuja msimamizi wa ile zahanati, suti safi, viatu visivyojua matope. Akasema mbele ya watu wote, "Pole sana, mzee. Lakini si tuko hapo karibu? Angekuja kwetu, angepona."

Watu wakatikisa vichwa. Wengine wakamtazama Luseno. Maneno hayo, wasikilizaji, yakahamia ndani ya nyumba yake na kukaa.

Binti yao, Ayuma, alituambia hivi: "Baba alikuwa anaongea jikoni peke yake. Anashika kikombe cha mama, anamwuliza, 'Miguu ulikuwa nayo, Nabalayo. Ulipita wapi? Mbona hukuenda?' Nikiingia, ananyamaza. Na kiatu cha mtu kikipita nje kwenye ngazi, anainuka kufungua mlango."

Alimkasirikia marehemu. Alimpenda na akamkasirikia. Usingizi ulimkimbia. Kile kifaa cha njano kilirudishwa kutoka hospitali ndani ya mfuko, pamoja na leso na viatu, na Luseno alikiweka juu ya kabati. Akila, alihisi kinamtazama. Akakigeuza. Bado kikamtazama.

Siku moja alasiri alikibeba mpaka saiba.

"Mumo, fungua. Nataka nijue mama huyu alipita wapi."

"Mzee, una hakika?"

"Fungua."

Mstari ukatokea. Ulitoka kanisani, ukateremka, ukaingia vichochoro vya mto, huku na kule, kila pembe. Halafu ghafla ukanyooka.

"Hapa hachori tena," Mumo akasema polepole. "Mtu anayechora huchungulia kila mahali. Hapa kuna mahali anaenda."

Mstari ulikwenda moja kwa moja mpaka geti la zahanati. Hapo ukasimama. Hapo palikuwa na fundo, zito, jeusi kama mdudu aliyepondwa.

Mkono wa Mumo ukasogeza kipanya kwa mazoea. "Hii huwa tunafu—"

Luseno akamdaka kifundo cha mkono.

"Usimguse."

Kila nukta ina saa yake. Walizisoma zote, Mumo akitaja, Luseno akiitikia kwa kichwa. Nabalayo alikaa mbele ya geti lile karibu saa nzima. Halafu mstari unainuka tena, mwembamba, unayumba, unaelekea barabarani. Unaishia pale walipomkuta, ambapo betri ya kifaa iliisha.

Nabalayo alikwenda. Narudia, wasikilizaji: Nabalayo alikwenda kwao. Bango lilimwita, na geti lilikuwa na kufuli.

Luseno akachapisha picha ile, akaipeleka kwa msimamizi. Msimamizi akaitazama kama risiti ya mtu mwingine. "Mzee, vifaa hivi hukosea."

"Hukosea hatua chache," Mumo akajibu. "Havikosei saa nzima."

"Jumapili ufunguo huwa na nani?" Luseno akauliza.

"Hilo uliza ofisi ya juu."

Ofisi ya juu ikasema aulize zahanati. Ndivyo wakubwa wetu wanavyotuzungusha, mpaka tuchoke au tufe, na wao yote mawili wanayaona sawa.

Luseno hakutaka fidia. Alitaka jambo moja tu: ijulikane kwamba mkewe hakuwa mpumbavu aliyepita msaada mlangoni. Akamwambia Mumo auweke mstari ule wa mwisho mtandaoni, hadharani, kwa jina la Nabalayo, na fundo lake bila kusafishwa. Na kwenye ramani, mahali pa saa za zahanati, waandike walichojionea kwa macho yao, maana walikwenda pale getini Jumapili tatu: Jumapili, geti limefungwa.

"Watatuita wachochezi, mzee."

"Kwani kufuli nimeliweka mimi?"

Majuma machache yaliyopita, ujumbe uliingia kutoka kwa mchoraji mmoja wa mbali, asiyejua kwamba mwenzake amekufa. Aliandika kwa adabu: "Rafiki yangu, kifaa chako kilichanganyikiwa hapo karibu na geti. Nikusaidie kusafisha?"

Ayuma alimsomea baba yake.  Luseno akasema, na binti akaandika neno kwa neno:

"Hakikuchanganyikiwa. Hapo alikuwa ameketi. Alikuwa anangoja wafungue."

Wasikilizaji wapendwa, fundo lile bado lipo. Hakuna aliyelifuta.

Kwa Luseno, kwa Ayuma, kwa ndugu wote wa marehemu hapa Huruma na kule nyumbani magharibi, poleni sana. Mungu awashike. Kwa wenye funguo, hatuna pole ya kuwapa. Na ninyi mnaonisikiliza mitaa ya Lucky Summer, Pipeline, kokote mlipo, fikirini kuhusu zahanati ya mtaa wenu. Mnajua kweli kwamba Jumapili kuna mtu ndani, au mmesoma bango tu? Nendeni mkaone, mkiwa bado wazima.