Sindano Aliyochomwa Djaouharia

Enzi zile za mamluki, mtu wa Moroni alikuwa hafungui mdomo kabla hajageuza shingo. Wazungu wenye sare nyeusi, walinzi wa rais, walikuwa wakipita na gari lao la wazi wakitokea upande wa Itsandra, na maneno yalikatika yenyewe mpaka vumbi litulie. Lakini bangweni kwetu, kwenye mabaraza ya mawe ambako wanaume hukaa baada ya swala ya alasiri, kimya hakikai sana. Wenye bunduki tuliogopa kuwasema, basi tulisema wengine. Alikuwapo Bacar, tuliyemwita Redio kwa sababu habari ilimfikia kabla haijatokea. Alikuwapo Mouzaoir, aliyewahi kuwa baharia, akaishi Marseille kidogo, jina la Marseille likamganda. Alikuwapo Fundi Charif, mwalimu wa Kurani. Mimi nilishika birika la kahawa. Na siku hiyo alikuwapo Dhoihir, karani wa bandari, kainamisha kichwa, kwa sababu juzi yake alikuwa amempa talaka mkewe, Djaouharia, akatoka na sanduku lake la bati kwenda kwa mama yake Ntsoudjini. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Ndoa ikivunjika, anayebeba sanduku ni mwanamume.

— Pole, mwenzetu, nikamwambia, nikimmiminia kahawa. Limekwisha kabisa?

— Limekwisha, akasema Dhoihir. Ningefanyaje? Mwanamke hasali, hafungi, kitandani hakaribiki. Damu haikatiki. Mwaka sasa.

— Mwaka! akaguna Redio. Na yote hayo kwa sindano?

— Sindano. Alichomwa kule Mutsamudu nilipohamishiwa kazi. Sindano ya kuzuia mimba.

— Alichomwa au alijichomesha? akauliza Marseille.

Dhoihir akazungusha kikombe mkononi.

— Alikwenda mwenyewe, akasema. Kwa siri. Mimi nimekuja kujua baadaye.

Tukasonya sote kwa pamoja, kama watu waliokuwa wakingoja ruhusa.

— Mwanamke anafunga tumbo lake mwenyewe! akasema Marseille. Mimi nimeyaona hayo kwa Wazungu. Kule wanakunywa vidonge kila siku, kama sisi tunavyokunywa chai. Basi nasema niliyoyaona: mtaani kwetu alikuwako mmoja, alikunywa vidonge hivyo mpaka akaota ndevu. Asubuhi akimaliza mumewe kunyoa, anashika wembe yeye.

— Ulimwona akinyoa?

— Nilimwona ana alama ya wembe hapa.

Redio akasogea mbele, akatazama barabara upande huu na upande ule.

— Ninyi mnazungumza ndevu, akasema kwa sauti ya chini. Hebu jiulizeni dawa inatoka wapi. Kabla ya hawa wa sare nyeusi kuja, nani aliijua sindano hiyo? Hakuna. Wamekuja wao, imekuja dawa. Ndege inayowaletea nyama yao ndiyo inayoleta na sindano. Wamepiga hesabu wakaona sisi tunazaa sana, wao ni wachache. Sasa wanatupunguza tukiwa bado tumboni.

— Bacar, punguza sauti, nikasema.

— Nimepunguza.

— Basi nyamaza kabisa.

Gari lao lilikuwa likija kweli. Mzungu mmoja ameegemea mlango, miwani myeusi, mkono nje. Redio akanyanyuka uso mzima ukicheka, akasema kwa nguvu:

— Jodari wa leo, wallahi, mnono!

Gari likapita. Kisha Marseille akaendelea palepale alipoachia.

— Mimi nasema dawa ile haikai kwa mwanamke peke yake. Inahama. Mtazameni Dhoihir. Amekonda. Sauti imekuwa nyembamba. Hata ndevu za hapa kidevuni zimepungua.

— Zimepungua? akauliza Dhoihir, mkono ukienda kidevuni.

— Zimepungua. Umelala na dawa mwaka mzima.

— Na nyumba nayo, akadakia Redio. Paka wa nyumba ile hajazaa tangu waliporudi kutoka Mutsamudu. Mwulizeni jirani yeyote.

Fundi Charif, aliyekuwa kimya tangu mwanzo akivuta shanga za tasbihi, akakohoa.

— Tuyaache ya paka, akasema. Mwanamke aliyeficha jambo kama hilo amemkosea mumewe. Na mwaka bila swala ni jambo zito. Mimi nilimwona mwenyewe Ramadhani, nikipita uchochoroni, anakunywa maji mchana, amegeukia ukuta. Nikastaghfiru, nikapita.

— Umeona! akasema Redio.

Basi ikawa hivyo. Kila mmoja akatia lake. Mama yake Dhoihir alikuwa amekwisha kumtafutia binti wa Ntsoudjini, na sisi tukasema amefanya vema, mwanamume hawezi kukaa bila mtoto wa kiume. Hata mtoto wao aliyezaliwa amekufa kule Mutsamudu, tukamtia katika hesabu ya makosa ya Djaouharia. Nyumba yake ilikuwa palepale, dirisha likitazama bangwe. Hatukupunguza sauti. Tulipunguza tu walipopita wenye bunduki.

Ndipo akatokea mgeni. Mtu mfupi, kofia nzuri ya kudarizi, kifurushi kwapani. Alitoa salamu kwa lafudhi ya kisiwa cha Ndzuani, ulipo Mutsamudu, ile inayotufanya watu wa Ngazidja tutege sikio mara mbili. Dhoihir alipomwona alisimama, lakini hakumwendea.

— Dhoihir, ndugu yangu! akasema mgeni, akamkumbatia yeye. Nimeshuka melini asubuhi. Mke wangu Zouhoura amenituma kwa dada Djaouharia. Nikasema kwanza nikuone wewe.

Akatugeukia.

— Mimi naitwa Sounhadj. Nauza vitambaa Mutsamudu. Hawa walikuwa majirani zetu, ukuta kwa ukuta. Dada anaendeleaje? Nguvu zimerudi?

Tukainamia vikombe vyetu. Redio, ambaye kimya humwasha, akasema:

— Wameachana, bwana. Juzi. Kwa ajili ya ile sindano aliyokwenda kuchomwa kwa siri.

Sounhadj akatutazama kama hakuelewa lugha yetu.

— Siri gani? akauliza. Aende wapi, kwa miguu gani? Yule alibebwa. Mji wetu vichochoro vyembamba, gari haliingii. Alipozidiwa na uzazi tulimlaza juu ya kitanda cha kamba, tukambeba wanaume wanne, mimi nikiwa upande wa kichwa. Damu ilikuwa ikidondoka juu ya ngazi za mawe. Mtoto alitoka amekufa. Yeye mwenyewe hakuwa na fahamu.

— Sounhadj, akasema Dhoihir. Njoo tuzungumze pembeni.

— Pembeni kwa nini? Hakuna aibu hapa. Si wewe uliyemwokoa? akasema, akatugeukia tena, akimsifu rafiki yake kwa moyo safi kabisa. Daktari alitoka akatuambia akishika mimba nyingine karibuni, hatutamwona tena. Akasema iko sindano ya miezi mitatu mitatu. Huyu hapa alilia, akasema mchomeni, mchomeni hata sasa hivi. Na baadaye kila ilipofika siku yake, ni yeye aliyempeleka. Mke wangu akasema, laiti waume wote wangekuwa hivi.

Marseille aliweka kikombe chini. Mimi nilimtazama Dhoihir. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga.

— Ulisema alikwenda mwenyewe, nikamwambia.

— Ninyi hamwelewi, akasema Dhoihir. Mama yangu angesema nini? Nimefunga kizazi cha mke wangu kwa mkono wangu? Na nyinyi hapa mngesema nini?

Hapo alisema kweli. Tungesema.

— Lakini yeye, akauliza Sounhadj taratibu, yeye mwenyewe mlimwambia sindano ile ni ya nini?

— Nilimwambia ni ya nguvu. Ya kuongeza damu.

— Na damu ilipoanza kutoka isikatike?

Dhoihir akaketi, akachukua tena kikombe chake.

— Daktari alisema mbele yangu, akaendelea Sounhadj. Alisema wengine huvurugikiwa, damu ikatoka ovyo, wengine wasione siku zao kabisa. Akasema mkiona hivyo mrudi, tutazame njia nyingine, na ukiacha, mwili hurudi wenyewe taratibu. Ulimwambia hayo?

Fundi Charif akaangusha tasbihi mapajani.

— Damu hiyo si hedhi, akasema, kama anajisemea. Hiyo ni istihadha, damu ya maradhi. Mwanamke wa hali hiyo anajisafisha, anatawadha, anasali. Anafunga. Hata mumewe hakatazwi. Angekuja mtu kuniuliza, ningemjibu kabla kahawa haijapoa. Mwaka mzima amejitoa katika swala bure.

— Na wewe ulimwona akinywa maji, Fundi, nikasema.

— Nilimwona.

Sounhadj akachukua kifurushi chake, akauliza nyumba ni ipi. Fundi Charif akasimama naye, akampeleka. Wakabisha hodi, wakasimama nje ya mlango kwa adabu, maana mwanamke yuko edani. Shangazi yake akafungua nusu. Tuliona kifurushi kikipokewa. Kisha tuliona Sounhadj akizungumza, na Fundi akizungumza, na mlango ukizidi kufunguka kidogo kidogo. Maneno hatukuyasikia. Redio alinyoosha shingo, halafu akaikunja mwenyewe.

Djaouharia alitoka. Amejitanda shiromani mpaka kwenye paji, na alikuwa amekonda hivi kwamba kitambaa kilimzunguka mara mbili. Mwanamke haingii bangweni wanaume wakiwa wamekaa. Yeye alisimama ukingoni, pale mawe ya baraza yanapoanza.

— Dhoihir, akasema.

Dhoihir akainuka.

— Nilidhani ninaoza, akasema Djaouharia. Kila nilipofua vile vitambaa nilisema, ndani yangu kuna kitu kimekufa na mtoto, sasa kinaoza. Nilimwambia shangazi asinioshe mtu mwingine nikifa, wasije wakaona aibu. Nililala chini ili nisichafue godoro lako. Na wewe ulikuwa juu ya kitanda, unajua.

— Nilitaka uishi, akasema Dhoihir. Wallahi, Djaouharia, nilitaka uishi tu.

— Najua. Ungeniambia, ningekubali. Mimi ndiye niliyekuwa nakufa. Nani alitaka kuishi kuliko mimi? Ningekwambia wanichome, na damu ikija ningesema, aa, ndiyo ile, twende tukaulize dawa nyingine. Ungepungukiwa na nini kuniambia?

Dhoihir alitutazama sisi. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyezoea kwamba miongoni mwa wenzake daima yuko mwenye jibu. Marseille alikuwa anakuna kucha. Redio alikuwa anatazama barabara, na barabara ilikuwa tupu.

Ndipo Dhoihir akafanya kitu ambacho, nadhani, alikiona ni kikubwa. Aliiweka sawa kanzu yake, akapaza sauti.

— Basi mbele ya hawa wote, akasema, mimi nimekurejea. Mashahidi hawa hapa, na Fundi yupo. Talaka ni moja tu, eda haijaisha. Umerudi kuwa mke wangu. Leo leo naleta sanduku.

Tulishusha pumzi. Marseille alitaka hata kusema alhamdulillahi.

Djaouharia alijitanda upya shiromani yake.

— Na hili pia hukuniuliza, akasema.

Akageuka. Shangazi yake akampisha. Tukasikia komeo likiingia mahali pake, kisha dirisha la juu likavutwa, bawa moja, halafu la pili.

Sounhadj alibaki katikati ya bangwe, mikono mitupu sasa. Kwao na kwetu sheria ni moja, lakini alikuwa mgeni, na mgeni huuliza.

— Samahanini, akasema. Sasa huyu dada amerejewa, au hajarejewa?

Tukamgeukia Fundi Charif. Vitabu alivijua, mwanamume akisema nimekurejea, amerejea. Alifungua mdomo, akautazama ule mlango wa Djaouharia, akafunga mdomo. Sounhadj akangoja. Mwishoni akatuaga, akaenda zake kutafuta pa kulala.

Dhoihir alituma wazee, akatuma na mama yake mdogo. Majibu yalirudi ni yaleyale kila safari: mwambieni aniache. Mwishowe akamwacha kwa mara ya pili, na eda ikaisha. Djaouharia alikwenda na shangazi yake hospitali, akakaa mbele ya nesi mchana mzima akiuliza yote aliyotaka kuuliza. Damu ilichukua miezi kukatika, lakini ilikatika. Ramadhani iliyofuata alifunga, na alilipa na zile alizoziacha. Kama alichagua vidonge, au sindano tena, au asichague chochote, bangwe halikupata kujua.

Redio alikuja na habari kwamba Sounhadj ametumwa na mamluki kuja kuvunja ndoa za watu wa Ngazidja. Wako waliomsadiki.

Dhoihir alimwoa yule binti wa Ntsoudjini, Moinafouraha, kabla mwaka haujatoka. Ng'ombe walichinjwa, ngoma ikapigwa mpaka alfajiri. Sote tulikwenda.