Papa Bisengimana, Aliyenyamazisha Risasi za Filamu

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuongoza sale ya video, ukumbi wa filamu wa parokia yetu hapa Burungu, Papa Bisengimana anapumzika kazi tarehe 30 Juni.

Alianza na televisheni moja na jenereta iliyokohoa kuliko wagonjwa. Leo sale ina kompyuta ya filamu, dekoda ya televisheni na amplifikata ya spika, na vyote anaviendesha kwa kibodi moja isiyo na waya, ambayo sisi tunaiita klavie. Vitufe vitatu amevipaka rangi ya kucha ya mke wake, Mama Béata: chekundu kinaiunganisha klavie na amplifikata, cheupe na kompyuta, cha zambarau na dekoda. Mama Béata hulalamika kwamba mashine zinapendeza kuliko yeye.

Wageni hushangaa filamu zetu zinapopoteza sauti ghafla. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Kila filamu huitazama kwanza peke yake, akumbuke bunduki zinalia wapi, kisha siku ya kuionyesha hukata sauti kabla ya risasi ya kwanza. Huku kwetu mtu akisikia mlio haulizi umetoka wapi. Anabeba mtoto na kukimbia.

Jumapili moja ya Februari mwaka huu, risasi zilimponyoka. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa, na watu ndani ya sale walimsihi awatafutie habari. Filamu ikiendelea, aliunganisha klavie na dekoda ili asome habari katika televisheni ndogo iliyo pembeni ya kiti chake. Akasahau kurudi kwenye chekundu. Bunduki ya filamu ilipolia, alikata sauti haraka, lakini iliyonyamaza ni televisheni ndogo. Spika zilimwaga risasi hadi barabarani.

Sale nzima ililala chini ya mabenchi. Askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, walikuja mbio, wakaelekeza bunduki mlangoni.

"Mwenye kupiga masasi atoke!" mkubwa wao alipaza sauti. "Ao na sisi tutapiga!"

Papa Bisengimana alibonyeza cheupe, akasimamisha filamu, akatoka mikono juu, klavie ikiwa mkononi.

"Iko filme tu, chef."

"Na hiyo kitu nyeusi umeshika, iko nini?"

"Njo klavie, chef. Hii njo ilipiga."

"Unanichekea, muzee? Basi piga tena, nisikie!"

Papa Bisengimana akikataa, angeonekana mwongo. Akikubali, askari walioshika bunduki wangeweza kuujibu mlio huo, na ukuta wa sale yetu ni wa mbao.

"Nitapiga, chef," alisema polepole. "Lakini ambia kwanza watu yako washushe bunduki. Halafu ingia, weka sikio hapa."

Mkubwa akawaamuru askari wake washushe bunduki, akaingia, akainama kwenye spika. Papa Bisengimana alishusha sauti, akairudisha filamu nyuma kidogo. Bunduki ikalia kidogo tu, kama mahindi yanayopasuka kikaangoni.

"Kumbe!" alisema mkubwa, akitazama picha. "Na huyu mama wanakimbiza, atapona?"

Chini ya benchi, Mama Nyiraneza, muuza maziwa, alijibu: "Tungeshajua, chef, kama haungetukatiza! Na sasa unatuzibia picha!"

Askari ndio walioanza kucheka. Hakuna aliyeumia.

Papa Bisengimana aliionyesha filamu ile hadi mwisho, akakata sauti palipostahili, kisha akaiambia kamati: "Macho yangu imechoka kungojea masasi." Dada Umutoni, aliyefundishwa naye, atashika nafasi yake. Tayari amekataza mtu yeyote kuomba habari filamu inapoendelea.

Papa Bisengimana, asante kwa ajili ya wote waliorudi nyumbani kwa miguu yao Jumapili ile. Sisi wanafunzi wako, tulioandika haya, tunakuombea siku nyingi za kukaa katikati ya mabenchi, karibu na Mama Béata, ukitazama filamu usiyoijua: kitakachofuata usikijue, wala usikiogope.