Fundi Kitheka na Fidla Iliyonyamaza

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Fundi Jonathan Kitheka anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya shule yetu. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu ni mimi tu niliyebaki kati ya waliomjua akiwa na nywele, na kwa sababu karani wa stoo hudhaniwa hana kazi. Huu ni wasifu wa tisa ninaouandika. Wenzangu huondoka mmoja mmoja, mimi nabaki na kalamu. Mniwie radhi nikiandika kama mtu aliyechoka, maana nimechoka kweli.

Alifika mwaka 1991 kutoka Ekalakala akiwa na randa yake mwenyewe. Tangu hapo ametengeneza madawati yasiyopungua elfu mbili na jukwaa linalobeba kwaya nzima bila kulia. Hakutupa kipande cha mbao hata siku moja. Ukimuuliza, alisema akiba haiozi, kisha akakitia kwenye kopo la rangi nyuma ya mlango. Kila ukaguzi nilimwomba aliondoe kopo hilo, na kila ukaguzi nilikuta limepata mwenzake.

Lakini kazi iliyomchosha kuliko zote ni ile fidla. Ilichongwa kwa mkono mwanzoni mwa miaka ya hamsini na mchongaji wa Wamunyu, marehemu Bartholomew Mutunga, kwa mti wa mukau, na juu ya shingo akaiwekea kichwa cha twiga. Iliongoza kwaya zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1997 ilianguka siku ya kutoa zawadi, ikapasuka, ikapelekwa karakana. Fundi aliitikisa akasikia kitu kikigonga ndani. Kwa seremala, kinachogonga ndani ni kilichovunjika. Akakitoa kwa waya, akaziba ufa kwa gundi nyeupe na misumari miwili, akaipaka rangi nyeusi ya viatu ifanane na mpingo, akairudisha iking'aa. Ilipopigwa ilitoa sauti ya kopo. Ikatundikwa ukumbini, na watu wakasema Mutunga alijua kuchonga twiga, si fidla. Imesemwa hivyo miaka ishirini na minane.

Januari mwaka huu tuliagizwa kuorodhesha vitu vyote vibovu. Ambacho hakingekuwa kinafanya kazi kufikia mwisho wa Novemba kingekuwa kuni za jikoni. Niliiandika fidla, nambari kumi na saba. Sikufurahi, lakini niliiandika. Fundi aliisoma orodha mlangoni kwangu, akaenda ukumbini akaishusha.

Aliifungua kwa kisu kilichopashwa moto, akang'oa misumari yake mwenyewe, akaitoa ile rangi ya viatu kwa pamba, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Mwalimu Safiya wa muziki alimwambia gundi nyeupe haifai, atumie ya ngozi ya ng'ombe. Akatafuta ngozi hadi Athi River, akaichemsha siku tatu, na chai yetu ya saa nne ikanuka kwato. Walimu wawili walikunywa yao getini kwa mlinzi wiki nzima.

Septemba nyuzi zikafungwa. Mwalimu Safiya akapiga, na ikawa kopo lile lile. Akachungulia kwenye tundu, kisha akasema kwa upole, "Fundi, humu ndani husimama kijiti, kati ya uso na mgongo. Ndicho kinachobeba sauti. Nani alikitoa?"

Fundi aliketi chini. Kesho yake, saa ya chai, alisimama mbele yetu sote. "Ni mimi nilinyamazisha hii kitu," alisema. "Mzee wa watu amesemwa bure."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nilimwonea huruma hata chai ikanishinda.

Alichonga vijiti kumi na vitatu. Kimoja kifupi, kingine kirefu hadi ufa ukataka kufunguka tena. Akapekua makopo yake yote akitafuta kile cha zamani, asikione. Karakana inafungwa akiondoka, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwachia.

Alhamisi iliyopita alileta funguo stoo. Komeo la dirisha langu halina kufuli. Hufungwa kwa kijiti alichonipa yeye mwenyewe nilipolalamikia upepo, zamani sana, nami nimekichomoa kila asubuhi na kukirudisha kila jioni. Fundi alikitazama. Akakitoa, akapitisha kidole gumba kwenye ncha zake. Zilikuwa zimekatwa mshazari, na hakuna anayehangaika hivyo kwa kijiti cha dirisha. Aliondoka nacho bila kuniaga.

Jumatatu Mwalimu Safiya aliipiga fidla ukumbini, kijiti cha dirisha langu kikiwa kimerudi ndani yake. Wapishi waliacha sufuria wakaja mlangoni. Fundi alisimama nyuma, mikono mfukoni, akalia bila kujificha. Mimi nilirudi stoo nikafuta nambari kumi na saba, nikatia sahihi.

Fundi Kitheka, asante kwa madawati, kwa jukwaa, na kwa kumrudishia Mutunga jina lake. Ukapumzike Ekalakala. Mvua ikufikie shambani, magoti yapate nafuu, na Mungu akuongezee siku za kukaa bila kuitwa na mtu.

Jana nilikuta kijiti kipya cha mukau mezani kwangu. Kimeingia sawasawa. Dirisha limefungika, fundi. Nenda nyumbani.

Kavutha Kilonzo, Stoo