Dumu Lililo Juu ya Jeneza la Letebrhan

Padri, ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu wa Elswick, wapishi wenzake wa shule na nyote mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, mimi ni Habteab, mdogo wake marehemu, na familia imenituma nisome maisha ya dada yetu Letebrhan Woldegabir, ambaye wengi mlimwita Lete. Kabla sijaanza nimeagizwa niseme jambo moja, kwamba yule mwanamke wa kwenye televisheni siye huyu aliyelala mbele yetu, na anayetaka kumlilia yule akamlilie nyumbani kwake.

Dada Lete alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 mjini Segeneiti, Eritrea, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi mawe Woldegabir Asfaha na mama Abrehet Haile, wa pili na wa mwisho ni mimi, jambo ambalo hakuchoka kunikumbusha kila nilipojaribu kumpinga. Alianza masomo mwaka 1986 katika shule ya masista hapo hapo Segeneiti, akaendelea na sekondari mjini Dekemhare, akasoma mpaka darasa la kumi na moja, na mwezi Julai 1997 akaitwa kambi ya jeshi ya Sawa kwenye utumishi wa taifa, aliambiwa ni wa miezi kumi na minane, ukawa wa miaka kumi na moja, yote akiwa jikoni kambini, akipikia watu mia tatu kwa sufuria nne, na ndiyo maana alipokuja kwenu hakuna jiko lililomtisha.

Tarehe 2 Februari 2008 alifunga ndoa na Kibrom Tekle, fundi magari, na baada ya kusubiri kwa maombi mengi wakajaliwa mtoto mmoja, Winta, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 2011. Mwezi Februari 2012 Kibrom alikamatwa kwa kuuliza utumishi wake utakwisha lini, mwaka uliofuata tukaambiwa amefariki, kaburi hatujaoneshwa mpaka leo, na kwa kuwa kule hatukuruhusiwa kulisema, tunalisema hapa, tena kwa sauti.

Lete alimfunga mtoto mgongoni akaondoka, akapita Kassala, Khartoum na jangwa lote mpaka pwani ya Libya, na tarehe 27 Mei 2014 akapanda mashua ya mbao iliyojaza watu tisini. Siku ya pili injini ilikufa na maji yakaanza kuingia kwa chini, wanaume wakawa wanasali, dada yangu naye akaazima kisu, akakata dumu la mafuta ya kupikia akiacha mpini wake, akaanza kuchota. Naomba mnisikilize vizuri hapa. Alichota akiwa ameketi, kwa sababu ukisimama kwenye chombo kilichojaa watu unakipindua, alichota kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa na Winta, na alimwaga upande ule upepo unakoelekea, kwa sababu ukimwaga upepo unakotoka, maji yote yanakurudia usoni na chomboni. Alifanya hivyo saa kumi na tisa, mpaka meli ya mizigo ikawachukua, na asubuhi ya tarehe 30 wakashushwa bandari ya Augusta, Sisilia.

Alifika hapa Newcastle, Uingereza, tarehe 22 Septemba 2014, akaanza kwenda kila Jumatano kunywa chai kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na wakimbizi wenzake, na huko akakutana na mwandishi wa televisheni, Bi Philippa Garside, aliyekuwa akitayarisha upya hadithi ya zamani sana ya binti wa mfalme aliyetupwa baharini bila usukani, mawimbi yakamleta pwani hii hii ya Northumbria, na sasa binti huyo alitakiwa awe mkimbizi wa leo. Lete alimkaribisha nyumbani, akamkaangia kahawa, akammiminia vikombe vitatu kama ilivyo desturi yetu kwa mgeni, akamsimulia kila kitu kama mtu anavyomsimulia mgeni wake, na mwandishi akaandika kwenye daftari.

Mchezo ulioneshwa Jumapili tatu za Februari 2016, na Lete aliutazama kwa jirani yake, mama Maureen Hepple, ambaye yuko hapa na ni shahidi wangu. Wakaliona dumu, wakauona mpini, na wakamwona yule mwigizaji amesimama wima, ameshika kwa mikono miwili, anamwaga maji upepo unakotoka. Lete aliruka kutoka kwenye kochi akapiga kelele, "Kaa chini wewe! Unatuzamisha!" Mama Maureen akamwambia, "Tulia, mpenzi, ni maigizo tu," naye Lete akamgeukia akamuuliza, "Maigizo ya nani?"

Tarehe 8 Machi aliitwa kwenye mahojiano ya ukimbizi, akaeleza safari yake kama nilivyoieleza, na tarehe 20 Aprili ikaja barua ya kumkatalia, ikisema kwamba maelezo yake yanafanana mno na mchezo wa televisheni, kwa hiyo hayaaminiki, na kwamba yeye na mtoto warudishwe. Yaani alinyang'anywa maisha yake, kisha akaitwa mwizi wake. Tulimwandikia Bi Garside aje na daftari lake, tukajibiwa na watu waliotengeneza mchezo kwamba kila kitu kilitoka kwenye hadithi ya kale na ubunifu wa mwandishi, na yeye mwenyewe hakuja.

Tarehe 11 Oktoba 2016 Lete aliingia kwenye baraza la rufaa akiwa na dumu alilolikata mwenyewe juu ya meza ya jikoni, walinzi wakalizuia mlangoni, kwa hiyo alipopewa nafasi ya kusema akaomba kapu la takataka, akaketi chini kwenye zulia, akapakata mkoba wake kwa mkono wa kushoto, akasema, "Mheshimiwa, tuseme upepo unatoka dirishani," na akaanza kuchota. Wakili wa upande wa pili alitabasamu. Lete hakumtazama, alimtazama jaji, akasema, "Fungua karatasi za mahojiano yangu, halafu utazame mchezo wao. Kama niliiga, mbona sikuiga na kosa lao?" Jaji alifungua karatasi, akasoma, akaomba aoneshwe mchezo, na tarehe 2 Novemba ikaja barua nyingine, ya kushinda.

Kuanzia Januari 2017 alifanya kazi ya kupika katika shule ya msingi, mwaka 2022 akapata uraia, na kila alipoambiwa kwenye basi kwamba ndiye yule wa kwenye televisheni alijibu, "Yule aliniigiza mimi, tena vibaya." Agosti 2023 alianza kuumwa tumbo, ikagundulika ni saratani ya mfuko wa mayai, akatibiwa, akapata nafuu, ikarudi. Mchezo uliporudiwa kiangazi kilichopita, wauguzi walitaka kuzima televisheni ya wodini, akakataa, akawafundisha kuchota maji kwa bakuli la dawa. Alifariki Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, saa kumi na dakika kumi alasiri, akiwa na miaka arobaini na mitano, na mkono wake wa kushoto ulikuwa mkononi mwa Winta.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapishi wenzake waliogawana zamu zake, na mama Maureen, ambaye atabaki na Winta pamoja nasi. Wahudumu wa mazishi walituambia juu ya jeneza huwekwa maua, tumewasikia, na dumu mnaloliona limewekwa na Winta, ndilo lile lililozuiwa mlangoni. Bi Garside, tumekuona hapo karibu na mlango. Dada aliacha maagizo kwamba ukija upewe kahawa vikombe vyote vitatu kama mgeni yeyote, ila daftari libaki kwenye mkoba.

Dada Lete, hukuletwa na mawimbi, ulikuja kwa mkono wako. Winta amefika. Weka dumu chini sasa, upumzike.